Waache Watue Kwanza

Enzi zetu watoto walijua kungoja. Mkicheka mcheke. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na enzi ninazo. Zilianza siku niliyokabidhiwa kamba ya madebe kwenye shamba la Bibi kule Ihumwa, na zikaisha Jumamosi moja nikiwa darasa la sita, kipindi cha pili, mbele ya watu wazima wa mtaa mzima waliokuwa wanatupigia kelele twende mbele.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni kwa nini niifiche kwenye daftari langu mwenyewe. Jumapili iliyopita kulikuwa na kipaimara cha binamu yetu. Watu wameshakula, soda zinazunguka, na Mjomba Malogo, kaka yake mama, akasimama na sahani ya pilau mkononi kuchangamsha wageni. Akatuonyesha kwa kijiko, mimi na Ndahani, mtoto wa mama mkubwa.

"Hawa mnaowaona walikuwa waoga hawa," akasema. "Siku ile ya fainali na Chang'ombe wamejazana golini kama mbuzi walionyeshewa. Nikasema hapana, damu yangu haiwezi kuniaibisha. Nikaingilia. Tukafungwa nne tu. Nisingeingilia, tungefungwa kumi."

Watu wakacheka. Wageni hao, hata hawakuwepo siku yenyewe. Ndahani alikuwa anapanga viti, naye akacheka, tena akaitikia, "Kweli mjomba." Hapo nikaweka sahani chini, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikulia. Masikio yalikuwa yanawaka moto. Mama akanifuata akaniuliza, "Seche, una nini?" Nikamwambia tumbo. Mimi kila kitu huwa nasema tumbo.

Basi nyinyi wa rika langu, mliokuwa na miguu yenye nyufa na magoti ya vumbi kama yangu, hebu niwakumbushe ilivyokuwa. Mlikuwepo. Na nyinyi pia hamkusema.

Shamba la Bibi lilikuwa upande wa pili wa reli, uwele kwa mtama. Masuke yakianza kukomaa, kweleakwelea wanakuja. Aliyewahi kuwaona haelezwi: wingu linatoka upande wa vilima, linajikunja, linajikunjua, na likitua kwa nusu saa mnakula mlenda bila ugali mwaka mzima. Kazi ya kuamia ndege ilikuwa yetu watoto. Tulifika shambani umande haujakauka, tumebeba karanga za kukaanga mfukoni na kidumu cha maziwa ya mgando, na kila mmoja alikuwa na kona yake. Kona ya mbali, ile ya kwenye vichaka vya miiba, ilikuwa ya Ndahani kwa sababu ya mbio zake. Mimi nilipandishwa kichanjani, kile kitanda cha miti kilichosimama katikati ya shamba, nikapewa kamba iliyofungwa madebe matupu. Sikupewa kwa sababu ya akili. Nilipewa kwa sababu nilikuwa sipendi kuongea, na Bibi alisema mtoto asiyeongea anaona.

Siku ya kwanza niliharibu. Wingu lilipotokea tu, ndege wako juu bado, nikavuta kamba na kupiga yowe. Wakazunguka, wakaenda kutua mwisho wa shamba, kule ambako hakuna mtu. Bibi akaja polepole na fimbo yake. Nilijua nachapwa. Hakunichapa.

"Akiwa juu huyo bado ana akili," akaniambia. "Ukimpigia kelele anakwepa. Mwache atue. Akishatia mdomo kwenye suke, mlango alioingilia haukumbuki tena."

Ndivyo tulivyojifunza. Naweka kiganja juu ya macho kukinga jua, natazama. Wenzangu wamelala kwenye kona zao, hawatazami ndege, wanautazama mkono wangu. Ndege wanashuka, wachache, halafu wengi, halafu wote, na wewe unaona kabisa chakula cha nyumbani kinaliwa. Hapo ndipo pa kazi. Kungoja huku unaliwa. Halafu nashusha mkono, navuta kamba, na wote wanatoka kwenye kona kwa pamoja, mawe ya kombeo yanavuma, madebe yanalia, na wingu zima linanyanyuka kwa woga, linavuka reli na halirudi mpaka jioni. Tulikuwa tunaanguka chini kwa kucheka. Karanga zikaliwa. Raha ile siijui tena.

Kwenye mpira tuliipeleka bila kupanga. Kiwanja chetu kilikuwa kipande cha ardhi karibu na reli, kimeinama upande mmoja, kina mashimo ya panya na michongoma, na mwenye kuanguka alitoka na miiba ya kuchomolewa na sindano ya Bibi. Mpira tulishona wenyewe, soksi kuukuu, matambara na mifuko ya rambo, maana enzi hizo rambo zilikuwa bado hazijapigwa marufuku na ziliruka zenyewe mpaka miguuni kwako. Wapinzani wetu walikuwa wa mtaa wa juu, wakubwa kuliko sisi, na walikuwa wanatufunga kila siku. Mpaka siku moja Ndahani, amekaa chini anachomoa mwiba kwenye kisigino, akaniambia, "Seche, hawa si kama wale ndege tu? Wanakuja wote."

Kesho yake nikarudi nyuma kabisa, karibu na golikipa, nikaweka kiganja juu ya macho. Wakafikiri nakinga jua. Wakaja. Tukawaacha waje. Wakapiga pasi zao, wakachekana, beki wao wa mwisho naye akachoka kukaa peke yake akapanda. Nilimwona anavuka katikati. Nikashusha mkono. Zuhura, msichana mwenzangu kwenye timu, alikuwa katikati, mpira ukamfika mguuni na kuondoka, hakuugusa mara mbili, akautuma kwenye uwazi ambao hakukuwa na mtu. Halafu akawepo mtu. Ndahani alikuwa anakimbia kichwa kimelala upande mmoja, kama anayesikiliza kitu, na nyayo zake zilikuwa hazitoi sauti. Ulichosikia ni wale wa mtaa wa juu wakihema nyuma yake. Sekunde saba, nane. Goli. Hawakuelewa. Tukawafanyia tena. Hawakuelewa.

Hatukuwa na jina la Kizungu la kitu kile. Tulisema tu, "Leo tunaamia." Mwaka huu kocha wetu wa sekondari amechora mishale ubaoni, nyekundu na bluu, akaandika maneno marefu ya Kiingereza, akasema hiyo ndiyo sayansi ya kisasa ya kushambulia kwa kushtukiza. Wavulana wakanakili. Mimi nikamfikiria Bibi na fimbo yake. Sikunyoosha mkono.

Mwalimu wetu wa michezo pale msingi aliitwa Mwalimu Tatu. Alikuwa mnene, mcheshi, na alipotuona tunavyocheza hakugusa kitu. Alituambia, "Mimi nitawaletea maji. Haya mengine mnayajua wenyewe." Ningependa walimu wote wa dunia wasikie maneno yale. Ndiye aliyetuandikisha kwenye bonanza la watoto wa mitaa, saba kwa saba, na sharti lilikuwa kila timu iwe na wasichana wawili uwanjani. Timu nyingine zilikuwa zinawaficha wasichana wao pembeni. Sisi tulikuwa hatuna cha kuficha, mimi nikiwa nyuma na Zuhura kati. Tukafika fainali. Fainali na Chang'ombe.

Mwalimu Tatu ndiye aliyetuambia pia habari ya mama wa shule ya bweni. Kulikuwa na shule moja ya mbali yenye viwanja na mabweni, na mwalimu wao wa michezo angekuja kutazama fainali achague mtoto mmoja wa darasa la saba. Huyo angesoma sekondari pale bure, sare, chakula, kila kitu. Ndahani alikuwa darasa la saba. Baba yake alishaondoka zamani, mama mkubwa alikuwa Singida anauza mboga, naye aliishi na Bibi ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Tuliijua ile nafasi ni ya nani. Hata wale waliokuwa na wivu walijua. Wiki nzima Ndahani hakula ubuyu, alisema unabana kifua. Alifua kaptula yake Jumatano, akaifua tena Ijumaa.

Halafu Mwalimu Tatu akajifungua. Alhamisi, kabla ya siku zake. Na kwa kuwa timu haiendi bila mtu mzima, akatafutwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mjomba Malogo.

Sasa sikilizeni kitu ambacho kinanikera mpaka leo. Mjomba Malogo ni mtoto wa Bibi. Alizaliwa kwenye lile shamba. Alikalia kichanja kile kile kabla yangu, na maneno ya kuwaacha ndege watue aliambiwa yeye kabla sijawa hata wazo. Mtu huyo, aliyengoja ndege utoto wake wote, alishindwa kungoja watoto dakika ishirini.

Chang'ombe walikuja na jezi, zote rangi moja, na ngoma. Sisi tulivaa fulana nyeupe za shule. Kipindi cha kwanza tulicheza kama siku zote. Waliutawala mpira, wakaja, sisi tukajaza nyuma, mimi kiganja juu ya macho. Watu wa pembeni wakaanza. Mwanzoni Chang'ombe wenyewe.

"Nyie mmekuja kucheza au kulinda nyumba?"

"Dada mrefu, unatafuta nini huko mbali, mumeo?"

Hayo hayakunisumbua. Walionisumbua ni wa kwetu. Baba zetu, mama zetu. "Tokeni. Mnangoja nini. Mbele." Mtu anakupigia kelele kwa jina lako, jina alilokupa yeye, mbele ya watu, na wewe una ndege wametua nusu. Mjomba Malogo alikuwa anatembea kwenye mstari, amekunja mikono ya shati, jasho linamtoka kuliko sisi.

Mara moja tu walitua wote. Nikashusha mkono. Zuhura akaugusa mara moja, Ndahani akaondoka. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile vumbi lilivyokuwa linanyooka nyuma yake kama kamba. Mabeki wawili wa Chang'ombe walikuwa wanakimbia naye kwa hatua tano, halafu walikuwa wanamtazama. Akapiga. Mwamba. Mpira ukarudi uwanjani, uwanja mzima ukasema "aah" kwa pamoja, hata wenye ngoma.

Na yule mama wa shule ya bweni, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, amevaa kofia, alisimama. Nilimwona kwa macho yangu. Alisimama, akaandika, akamuuliza mtu wa jirani kitu. Mtu wa jirani akainua mabega.

Mapumziko, hakuna aliyefungwa. Bila bila na Chang'ombe. Tulidhani tutapongezwa. Mjomba akatukusanya kwenye kivuli cha ukuta wa choo, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya kutisha.

"Mnaniaibisha. Mwenyekiti wa Chang'ombe amenifuata ananiuliza kama hawa watoto wamekula. Wamekula. Nimewanunulia chapati kwa mkono wangu. Mpira ni kushambulia. Mtu haendi kwa mwenzake kukaa mlangoni." Akaanza kuonyesha kwa kidole. "Ndahani, wewe una mbio, rudi nyuma ukawafukuze wale. Seche, wewe mrefu, nenda mbele ukafunge kwa kichwa. Wengine wote mbele. Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo hapa, kooni, maneno yote yamepangwa: Mjomba, wamebakisha kidogo watue, tuachie kipindi kimoja tu. Ndahani alinitazama. Hakuwa anamtazama mjomba, alikuwa ananitazama mimi, kama anavyoutazama mkono. Nami nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Na sasa naandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Mjomba aliposema "Seche, nenda mbele," kuna kipande changu kilifurahi. Miaka yote nilikuwa nyuma. Nilikuwa sijawahi kufunga hata goli moja, hata la kuotea. Nikajiona naruka, kichwa, nyavu, watu wanaliita jina langu. Kwa hiyo nilinyamaza kwa aibu yangu ya kawaida, ndiyo, lakini kidogo nilinyamaza kwa tamaa. Ikiwa nina haki ya kumkasirikia Mjomba, na ninayo, lazima nianze kujikasirikia kwa sehemu yangu.

Kipindi cha pili hakihitaji maneno mengi. Tulienda mbele wote, na sisi tukawa ndege. Goli la kwanza, la pili. Ndahani anakimbia kurudi nyuma, anakimbia kwenda kushoto, kulia, anazima moto wa kila mtu, na kila akiupata mpira hakuna mkono wa kumwambia lini, maana mkono uko mbele unangoja kuruka. Sikuruka hata mara moja. Mpira haukunifikia. Kila mara yule mama wa kofia alikuwa anaangalia upande wetu wa kushambulia, anamtafuta mtu, anaangalia karatasi yake, anamtafuta tena. La tatu. La nne.

Filimbi ilipolia alikuja mwenyewe mpaka tulipo. Mama mpole, anaongea taratibu. Akamsogelea Ndahani, aliyekuwa ameinama anashika magoti, kaptula iliyofuliwa mara mbili imekuwa rangi ya udongo.

"Mwanangu, ni wewe uliyekimbia kipindi cha kwanza? Ule mpira wa mwamba?"

Ndahani akainua kichwa. Kabla hajafungua mdomo, Mjomba akawa ameshafika, anajifuta jasho, ana aibu ya zile nne, na anataka kumwonyesha mgeni kitu kizuri.

"Huyu ni beki, mama. Mshambuliaji wetu ni huyu hapa, mrefu. Ana kipaji, leo tu hakulala vizuri."

Mkubwa akishajibu, mtoto haongezi. Ndivyo tulivyolelewa. Ndahani akafunga mdomo. Yule mama akanitazama mimi, miguu yangu, uso wangu, na nadhani alijua kuna kitu hakijakaa sawa kwa sababu alingoja. Alingoja kabisa. Lilikuwa neno moja lililobaki: ndiye. Hata kidole kingetosha. Nikatazama vidole vya miguu.

"Haya," akasema. "Mungu awabariki, watoto." Akaondoka na jina la kijana mmoja wa Chang'ombe, mwenye jezi namba tisa. Nasikia anasoma vizuri. Simchukii. Alicheza.

Kwenye gari la kurudi Mjomba alitununulia soda na kutuambia watoto wa siku hizi hatuna moyo. Ndahani alikunywa nusu, nusu akampelekea Bibi.

Alienda shule ya kata muhula mmoja na kitu. Ilikuwa mbali, Bibi hawezi kusimama peke yake, mbuzi hawana mtu. Akaacha bila kutangaza, kama alivyokuwa anakimbia, bila sauti. Sasa anapakia mchanga kwenye malori. Ana mabega mapana na mgongo ambao ukimsalimia asubuhi anaunyoosha kwa mikono miwili. Mwezi uliopita nilimuuliza kama anakumbuka ule mwamba. Akasema, "Mwamba gani?" Akacheka. Lakini alikuwa ameacha kupakia, koleo limesimama.

Ndiyo maana lile cheko lake la kwenye kipaimara lilinikera kuliko maneno ya Mjomba. Mtu akikunyang'anya kitu halafu ukamwitikia "kweli mjomba," ni nani atakayejua kulikuwa na kitu?

Mdogo wangu Eliya yuko darasa la nne, naye anacheza. Anacheza, nasema, kwa kuwa sina neno jingine. Watoto hawa wana mpira halisi wa dukani, wana viatu, kushoto cha kijani na kulia cha njano, na si kwamba vimepotea, ndivyo vinavyouzwa. Wana nywele zimechorwa mistari. Wanashangilia kabla ya kufunga, wanateleza kwa magoti, halafu kipa anadaka. Majeruhi wao wanapona wakiitwa kula. Juzi nilikuwa nabangua naye karanga, nikamsimulia habari ya kuamia na mkono. Akanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa, halafu akasema, "Dada, hiyo si kaunta tu? Kwenye gemu ya simu ya baba unabonyeza mara mbili." Nikamwambia nenda kanawe mikono.

Jana Jumamosi walikuwa na mechi, darasa la nne na la tano wa kwetu na watoto wa mtaa mwingine, kwenye kiwanja cha shule. Kile chetu cha reli kimeshazungushiwa mabati. Nilienda kwa sababu Mama alinituma nimpelekee Eliya maji. Na nani alikuwa kwenye mstari, mikono ya shati imekunjwa? Siku hizi nywele zake zina mvi, lakini sauti ni ile ile.

"Mbele. Mnangoja nini nyie? Mbele wote."

Wale wadogo walikuwa wamejaa nyuma, vurugu tupu, hawajui wanachofanya. Isipokuwa kule nyuma kabisa, karibu na kipa, kasichana kamoja kalikuwa kameweka kiganja juu ya macho. Na Eliya, kwenye kona ya mbali, hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama kale kamkono.

Wapinzani walikuwa wanapanda, beki wao wa mwisho bado yuko kwenye mstari wa katikati, anasitasita. Na Mjomba anavuta pumzi tena. Kasichana kakageuza kichwa, kakamtazama yeye, mkono ukaanza kutikisika. Najua ule mtikisiko. Ni wa kwangu.

Nikaenda nikasimama mbele yake, kati yake na uwanja, na kidumu cha maji mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sogea, sioni."

"Mjomba, naomba uwaache."

"Niwaache wafanye nini? Huoni walivyojikusanya?"

"Waache watue kwanza."

Akanitazama. Nadhani aliisikia sauti ya mama yake, kwa sababu mkono aliokuwa ameuinua aliushusha nusu. Halafu akakunja uso. "Seche, wewe tangu lini unaongea?"

Nikasema yote kwa mkupuo, kwa sababu nilijua nikivuta pumzi yanarudi ndani. "Yule mama wa kofia alimuuliza Ndahani, wewe ukajibu. Ulijibu vibaya. Ndahani ndiye aliyekimbia. Mimi nilijua na nikanyamaza, na Jumapili umewachekesha watu."

"Mambo ya zamani hayo, mwanangu."

"Ndiyo. Lakini ndiye."

Alikuwa amegeuka kunielekea mimi, mgongo kwa uwanja, na kwa muda huo wote hakuna mtu aliyewapigia wale watoto kelele. Hicho tu ndicho walichokuwa wanakihitaji. Nyuma ya bega lake niliona beki wa mwisho anavuka katikati. Niliona kale kamkono kanashuka.

Ilikuwa mbaya sana, jamani. Pasi ya kwanza ilimgonga mwenzao kisigino. Ya pili ilienda tu. Lakini Eliya alikuwa ameshaondoka, kiatu kimoja kijani kimoja njano, hakuna mtu mbele yake ila kipa na vumbi, na watu wakaanza kunyanyuka kwenye mawe waliyokalia. Akapiga. Mpira ukapita juu ya goli, ukapita juu ya ukuta, sijui uliishia wapi. Aliteleza kwa magoti vilevile, kana kwamba amefunga.

Mjomba aligeuka amechelewa. Aliona vumbi tu.

Enzi zetu mpira ulikuwa wa matambara na kiwanja cha miiba, na mbio za Ndahani zilikuwa bora kuliko za hawa wote wakijumlishwa. Hilo silifuti. Lakini enzi zetu mtu mzima aliuliza swali, akangoja, akaondoka na jibu la uongo, na sote tulikuwa tumesimama pale na midomo yetu.

"Nani huyo aliyekimbia?" Mjomba akauliza.

"Eliya," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipanga, hata waliokuwa upande wa pili wa uwanja wakageuka. "Anaitwa Eliya, mjomba. Ndiye."